Sheria ya Bibi Mumoja

Polisi wa mwami, mtawala wa jadi wa nchi ile, alipopanda kilima cha Kashanje kudai kuku, wanawake wengi walikuwa wakizifukuzia kuku zao migombani. Adelaïde hakuhangaika. Alimwonyesha polisi kuku wake mmoja aliyekuwa anaatamia, akamvutia kinu akikalie, akasema, "Kaa hapo, Papa Polisi. Ngojea mayai ipasuke, utabeba mama pamoja na batoto yake." Yule mtu alikaa kweli. Alikaa mpaka majirani waliokuwa nyuma ya ua wakashindwa kujizuia, wakaangua kicheko, ndipo akatambua kwamba amechezewa. Akashuka mikono mitupu, na tangu hapo kilima kizima kilimjua Adelaïde kwa mdomo wake.

Mumewe, Damien, hakuwa na mdomo. Alikuwa mtu wa jembe na wa misa ya Jumapili, mpole hata kwa mbuzi waliomlia mihogo. Walikuwa na shamba alilolima babake, na babu yake kabla ya hapo: maharage kwenye mgongo wa kilima, mihogo chini yake, migomba ikiizunguka nyumba. Walikuwa na mabinti wawili, Constance aliyekwisha anza kubeba maji, na Epiphanie aliyekuwa bado mgongoni. Watu hawakumwita Adelaïde kwa jina lake. Walimwita Mama Constance, naye aliitika kwa jina hilo kwa furaha, kwa maana lilimgharimu uchungu wa siku mbili.

Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na moja, mkalimani wa Leta, serikali ya Wazungu, alisimama sokoni Masisi akatangaza sheria mpya. Mwanaume aliyekuwa na wake wawili zamani angebaki nao, lakini kuanzia sasa ndoa ya mke wa pili haitatambuliwa na Leta wala na tribinali. Kila mwanaume bibi mumoja. Leta, alisema mkalimani, inataka kumwinua mwanamke. Wanawake walipiga makofi, na Adelaïde alipiga kuliko wote, akamgeukia Damien na kumwambia, "Unasikia? Leo umefungwa kamba." Damien akatabasamu. Walirudi nyumbani wakiwa wamenunua chumvi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Wanaume wa Kashanje walikuwa wamechukuliwa kutengeneza barabara inayoshuka kuelekea Walikale, na siku moja mlima ulimeguka ukaifunika barabara pamoja na waliokuwa juu yake. Barthélemy, mdogo wake Damien, alikuwa amekwenda kuchota maji mtoni, na hilo ndilo lililomwokoa. Yeye ndiye aliyeleta habari. Alisimama mbele ya mlango wa shemeji yake akiwa na matope mpaka nywele, na Adelaïde akamwangalia mikono akaona kucha zimeng'oka kwa kufukua. Hapakuwa na maiti ya Damien ya kuzika.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa, wakafanya kama ilivyofanywa siku zote. Mjane hatupwi. Barthélemy atamchukua Adelaïde, atalima shamba la kaka yake, na watoto watabaki kwenye ardhi ya baba yao. Barthélemy alikuwa na mke, Victorine, na watoto wake mwenyewe, mkubwa wao Théoneste, mdogo kidogo kuliko Constance. Victorine na Adelaïde walikuwa wameolewa kilimani msimu mmoja. Walikuwa wamepalilia pamoja, wamegombana juu ya mbuzi, wamepatana. Victorine alipoambiwa, alisema, "Kama ni weye, afazali. Mwingine angeniletea vita ndani ya nyumba." Kesho yake Barthélemy alilima mistari michache kwenye shamba la marehemu, wazee wakaona, mambo yakawa yamekwisha.

Kumbe yalikuwa hayajaanza.

Mtu alikwenda kusema. Ni nani, haikujulikana. Labda yule polisi wa kuku, labda jirani tu mwenye wivu. Barthélemy na Adelaïde waliitwa tribinali. Jaji alikuwa mtu wa kwao, mwenye koti na viatu, naye hakuwa na ukali wowote. Alieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Barthélemy, weye uko na bibi. Anaitwa Victorine. Huyu hapa si bibi yako. Hata siku moja hakukuwa bibi yako. Ukisema ni bibi yako, nitakufunga, na kiboko utaonja. Ni bibi yako?"

Barthélemy alitazama zege la sakafu. "Hapana, Papa Jaji."

"Kama mimi si bibi yake," Adelaïde akauliza, "mimi ni nani?"

"Weye ni mujane. Leta imekupa uhuru. Hakuna mutu atakurisi tena kama mbuzi."

"Uhuru ya kula nini, Papa Jaji?"

Waliokaa kwenye mabenchi walicheka. Jaji hakucheka. Alimwambia kwamba mdomo ule utamtia matatani, akaita kesi nyingine. Njiani kurudi, Barthélemy alitangulia mbele sana, kwa hofu ya kuonekana wanatembea pamoja.

Hata hivyo Adelaïde hakukata tamaa. Alisema moyoni: mume sina, lakini jembe ninalo. Alilima mwenyewe. Alipanda maharage juu ya kilima, yakaota vizuri, yakaanza kutoa maua. Na maharage yakiwa katika maua, ndipo alipokuja Muzungu wa ardhi.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa Kizungu aliyeomba nchi ya kupanda pareto, na Leta ilikuwa na utaratibu wake: haichukui shamba la mtu. Inachukua tu nchi isiyo na mwenyewe. Kwa hiyo alitumwa Muzungu wa kuuliza, akapanda kilima pamoja na mwami na wazee na wanaume wote wa ukoo, na mtu wa kubeba vigingi vya mbao. Alikuwa mtu wa adabu. Alipofika kwenye shamba la Adelaïde alivua kofia, akamsalimu, akatembea katikati ya mistari kwa uangalifu asikanyage maharage.

"Hii shamba iko ya nani?" aliuliza kwa Kiswahili chake.

"Ya Damien," wazee wakajibu.

"Damien iko wapi?"

"Alishakufa."

"Ana mutoto mwanaume?"

"Hana."

"Nani alimurisi?"

Hapo wazee wakatazamana. Barthélemy alikuwa amesimama miongoni mwao, kofia mkononi. Angesema "mimi", wangemwuliza na mke je. Na mke yuko hapa, ameshika jembe. Na jaji ameshasema. Mwami naye alikuwa ameahidiwa mabati ya nyumba yake mpya, hakuwa na haraka ya kumsaidia mtu kupata jibu. Adelaïde alimwangalia Barthélemy. Alimwangalia kwa muda mrefu sana. Barthélemy akaigeuza kofia yake mkononi, macho chini.

"Hakuna mutu, Bwana," akasema mwami.

"Mimi niko hapa," Adelaïde akasema. "Bwana, mimi njo nililima. Hii maharage haikujipanda yenyewe."

Muzungu alimsikiliza mpaka mwisho. Alimjibu kwa upole kwamba anaona kazi yake, ni kazi nzuri, lakini shamba kwa desturi ya kwao wenyewe ni la mwanaume, na hapa hakuna mwanaume. Na yeye hakuileta desturi hiyo. Nyumba angeweza kuendelea kukaa kwa muda. Maharage angeruhusiwa kuyavuna. Kisha akamwashiria mtu wake, vigingi vikapigwa nyundo kwenye pembe za shamba.

Hakuyavuna. Mkulima alitaka pareto yake iwahi mvua, na wapanga kazi wake hawakuambiwa lolote juu ya ruhusa ya maharage. Waliajiri watu wa kilimani hapohapo kupindua udongo, na maharage yakafukiwa yangali mabichi, maganda yake membamba kama kucha. Barthélemy alikuwa mmoja wa walioajiriwa. Alipewa mstari wake, akalima na kichwa kimeinama, na Adelaïde alisimama mlangoni akimtazama akilima lile shamba la kaka yake vizuri kuliko alivyopata kulilima siku zote.

Barthélemy alikuwa mfanyakazi mzuri. Kabla ya mwaka kwisha alipewa nyumba kwenye kambi ya shamba la Muzungu, nyumba ya matofali, ya mume na mke mmoja na watoto wao. Kila Jumamosi kambi iligawiwa posho: unga wa muhogo, maharage, mawese, chumvi, samaki mkavu. Mke alipata sehemu yake, na kila mtoto alipata sehemu yake. Mjane wa kilimani hakupata kitu, kwa kuwa hakuwa wa mtu yeyote.

Adelaïde alikula mihogo iliyobaki chini ya nyumba, halafu akala mizizi midogo ambayo haikupaswa kung'olewa. Epiphanie alianza kuvimba miguu. Nywele zake zikageuka rangi ya majani makavu. Ni Victorine aliyekuja kilimani na samaki wawili amewafunga kwenye kitambaa, akaketi, akamtazama mtoto, akasema jambo lililomleta.

"Niletee hao batoto. Karani atahesabu batoto ya Barthélemy, hatajua wa nani na wa nani. Watakula."

"Na mimi?"

"Weye hapana. Weye wakikuona, watauliza." Victorine alikuwa analia. "Ni lazima waniite mama, Adelaïde. Mbele ya bantu yote. Wakikosea siku moja tu, Barthélemy anafukuzwa, na sisi wote tunakufa njaa, wangu na wako."

Adelaïde alifikiri usiku na mchana, kisha akawapeleka mwenyewe. Njiani, pale njia inapokaribia kambi, alimshusha Epiphanie mgongoni, akachuchumaa mbele ya Constance.

"Mama yako njo nani?"

"Weye."

"Hapana. Mama yako njo nani?"

Constance alimtazama asielewe. Adelaïde akamshika masikio yote mawili, akayakaza. "Mama yako ni Victorine. Mimi ni mama mmoja wa kilimani. Ukinikuta, unisalimie kama unavyosalimia mama yeyote, unapita. Ukisema mimi ni mama yako, Epiphanie atakufa. Unataka Epiphanie afe?"

"Hapana."

"Mama yako njo nani?"

"Mama Victorine," alisema mtoto, na machozi yake yalikuwa yakidondoka juu ya mikono ya mama yake.

"Hapana kulia. Batoto wa Victorine hawana sababu ya kulia. Mufundishe mudogo wako."

Constance alimfundisha. Alikuwa mtoto wa kushika neno. Karani wa kambi, mtu aliyeitwa Jean-Marie, alimtazama yule msichana mkubwa, akamtazama Victorine, akasema, "Basi weye njo Mama Constance," na kuanzia hapo kambi nzima ikamwita Victorine hivyo. Mara ya kwanza Adelaïde aliposikia jina hilo likiitwa, aligeuka haraka kuitikia. Mwanamke mwingine alikuwa ameshaitika.

Kwa maana Adelaïde naye alikuwa pale. Alikuwa ameomba kazi ya kuchuma maua ya pareto, kazi ya kibarua, pamoja na wajane wengine na wanawake walioachwa tangu sheria ile ije, wote waliokuwa wake wa mtu kilimani na si wake wa mtu tribinalini. Hawakuruhusiwa kulala kambini. Walilala kwenye vibanda vya nyasi ng'ambo ya kijito. Kitalu alichopangiwa Adelaïde kilikuwa kilekile, mgongo wa kilima cha Kashanje. Aliyajua mawe yake yote kwa miguu. Alichuma maua meupe pale alipopandia maharage, na kutoka pale juu aliweza kuona uwanja wa kambi na watoto wakicheza. Aliona Epiphanie akinenepa. Aliona nywele zikirudi nyeusi. Alipokutana na Constance kisimani, mtoto alisema, "Wasubui, mama," kwa sauti ya heshima, akapita na ndoo yake bila kugeuka, na Adelaïde alijua kwamba anafanya vizuri, na kwamba hakuna mtu aliyemfundisha ila yeye.

Epiphanie hakuwa kama dada yake. Alikuwa mdogo, na pua yake ilikuwa bado inakumbuka harufu ya mgongo wa mama yake.

Siku ya Jumamosi moja, ya posho, alikuja mama wa Kizungu kutoka mjini, mtu wa Leta. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama sheria zile zimewafaa watu: kama wanawake wamepata amani, kama watoto wa wafanyakazi wanashiba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mizani ya kuning'inizia watoto kwenye mti, na peremende mfukoni. Aliingia nyumba kwa nyumba, akafunua vyungu, akaona mawese na samaki, akafurahi. Nyumba ya Barthélemy ilimpendeza kuliko zote. Baba mfanyakazi, mama msafi, watoto wengi wenye mashavu. Alimpiga Victorine begani. Bwana wa shamba alikuwa akitabasamu nyuma yake.

Kisha yule mama alifanya jambo ambalo watu wa Leta hawakuwa na mazoea ya kulifanya. Aliwageukia wachumaji wa pareto waliosimama pembeni na vikapu vyao, akauliza, na Jean-Marie akatafsiri: "Madamu anauliza, kuna mwanamke mwenye kuumizwa na hii sheria ya bibi mumoja? Asiogope. Aseme."

Wanawake walitazama chini. Kisha mmoja baada ya mwingine wakamtazama Adelaïde, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mdomo. Adelaïde aliweka kikapu chini. Alikuwa na maneno. Alikuwa nayo yamepangika tangu siku ile ya vigingi. Alipiga hatua mbele, akavuta pumzi.

Wakati huohuo Epiphanie alikuwa ananing'inia kwenye mizani, akingoja zamu ya peremende. Kamba ilichezacheza, akateleza, akaanguka kifudifudi kwenye changarawe. Akasimama na damu mdomoni, akapita mbele ya Victorine aliyekuwa amenyoosha mikono, akapita mbele ya Barthélemy, akavuka uwanja wote mbio akilia, "Mama! Mama!" mpaka kwenye miguu ya Adelaïde, akaikumbatia.

Watu wote uwanjani wakageuka.

"Huyu mwanamke ni nani?" akauliza yule mama wa Kizungu.

Jean-Marie alimtazama Adelaïde. Barthélemy alikuwa amekuwa wa kijivu kama jivu. Constance, pembeni ya nyumba, alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili.

"Mutoto amekosea," Adelaïde akasema. "Analia, hajui anakwenda wapi. Mama yake njo ule pale." Akajaribu kuitoa mikono ya mtoto gotini kwake. Haikutoka. Akavuta kidole kimoja kimoja, na kila alipotoa kimoja kingine kilirudi. "Nenda kwa mama yako!"

"Mama," alisema Epiphanie.

Adelaïde alimpiga. Alimpiga kofi la usoni, palepale penye damu, kwa nguvu, kofi ambalo mama hampigi mwanawe. Mtoto akaachia. Hakulia tena. Alimtazama kwa macho makubwa, akarudi kinyumenyume, na Victorine akamnyakua akamficha kifuani.

Mama wa Kizungu alikuwa amepauka kwa hasira. Alisema maneno mengi kwa Kifaransa kwa bwana wa shamba, na Jean-Marie, bila kumtazama mtu, alitafsiri yaliyohitajika tu. Madamu ameona mwenyewe. Sheria imejenga nyumba nzuri, lakini wanawake hawa wasio na waume ni hatari kwa nyumba hizo. Wanazungukazunguka kambi za watu waliofunga ndoa, wanapiga hata watoto wa wenzao. Kuanzia leo hakuna mwanamke atakayechuma pareto asipokuwa mke wa mfanyakazi. Vibanda vya ng'ambo ya kijito vichomwe.

Vilichomwa alasiri hiyohiyo. Wajane walikusanya vyungu vyao barabarani, na hawakuilaani Leta wala Madamu, ambao walikuwa mbali. Walimlaani Adelaïde. Mmoja alimtemea mate. "Mudomo yako yote ile," akamwambia, "siku ya kuitumia, umetumia mukono." Adelaïde alikusanya vyungu vyake. Alijitwisha mzigo wake, akaifuata barabara ya kushuka, ile barabara iliyomfunika Damien, kwa kuwa hapakuwa na upande mwingine wa kwenda.

Walikale ni msitu na joto, na mtu wa milimani akifika huko anaumwa kwanza. Adelaïde aliumwa, akapona. Akaanza kupika kando ya barabara, mahali madereva wa malori ya kwenda na kutoka Hombo waliposimama kupoza injini: bukari, ndiyo ugali, na sombe ya majani ya muhogo, mara nyingine nyama ya porini. Leta ilikuwa na sheria huko pia. Mwanamke aliyekaa karibu na posta, kituo cha Leta, bila mume alitozwa kodi yake ya peke yake, kodi ambayo mke wa mtu hakutozwa, na aliyeshindwa kuilipa alifagia barabara na uwanja wa posta juani mpaka polisi aseme basi. Adelaïde aliilipa kwa namna alivyoweza. Kuna namna alizolipa ambazo hakupenda kuzisimulia. Watu walimwita ndumba, yaani malaya, kama walivyowaita wote. Alitaka kuolewa hata na mzee, hata na mlevi, ili aitwe jina jingine, lakini wanaume walisema: mke wa kuoa hatafutwi kando ya barabara.

Miaka ilipita hivyo. Mdomo ulirudi kidogo, ukawachekesha madereva, na dereva mmoja wa lori la mbao, Hakorimana, mtu wa Masisi, ndiye aliyemletea habari mwaka wa hamsini na tisa. Binti mkubwa wa Barthélemy, ambaye sasa ni kapita, msimamizi wa vibarua, anaolewa. Anaolewa na Honoré, mfirmie, muuguzi wa dispansari, mtoto wa katekista. Itakuwa arusi kubwa.

Adelaïde alinunua kitenge kipya. Alipanda lori la Hakorimana, akashuka kambini siku moja kabla ya arusi.

Kwenye uwanja alikutana na msichana mrefu anayepepeta mchele. Alimjua kwa paji la uso, lilikuwa la Damien. Epiphanie aliweka ungo chini, akafuta mikono, akapiga goti kidogo. "Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Natafuta mama yako."

"Mama iko ndani. Nimwite?"

Victorine alitoka, akamwona, na uso wake ukaanguka. Alikuwa amenenepa, alikuwa na viatu. Alimkumbatia haraka, kwa mkono mmoja, huku akitazama juu ya bega lake kama kuna anayeona, kisha akampeleka nyuma ya nyumba na kumwitia Constance.

Constance alikuja na nywele zake zimesukwa kwa ajili ya kesho. Alisimama mbali kidogo. Hakusema "Wasubui, mama," na hakusema mama.

"Nani alikuambia uje?"

"Moyo," Adelaïde akasema. "Nikuone tu ukitoka. Nitakaa na wapishi."

"Utauliziwa uko wa upande gani. Kuna madereva watakuja, kuna bantu ya Walikale. Watakujua." Sauti yake haikupanda. "Honoré niliwaambia wazazi wake nimezaliwa na Victorine. Niliapa mbele ya padri. Baba yake akijua mimi ni mutoto wa ndumba wa barabarani, na Papa Barthélemy alidanganya Leta miaka yote hii, hakuna arusi. Na kazi ya Papa inakwisha, na hii nyumba."

"Constance, mwanangu…"

"Weye njo ulinishika masikio." Constance aliyagusa masikio yake kana kwamba yalikuwa bado yanauma. "Ulisema nikisema jina yako Epiphanie atakufa. Nililala nayo ile maneno kila siku. Nikikuona kisimani nilikuwa nataka kutapika. Sasa nimeshazoea. Mi siwezi kuanza tena. Uende, tafazali. Uende kabla hawajafika."

Victorine alikuwa akilia pembeni. Constance hakulia, alikuwa amefundishwa asilie. Alirudi ndani, na baada ya kitambo sauti yake ikasikika akiwaelekeza wanawake mahali pa kuweka sufuria.

Epiphanie alitumwa kumsindikiza mgeni mpaka barabarani na kumbebea mzigo, kama ilivyo heshima. Alitembea mbele, mrefu, mwepesi, akizungumza juu ya arusi, juu ya ng'ombe aliyeletwa, juu ya viatu vyeupe vya dada yake. Walipofika barabarani Adelaïde alimwomba asimame.

"Unajua mimi ni nani?"

Msichana alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alitazama muda mrefu, na kitu fulani kilimjia usoni polepole, na moyo wa Adelaïde ukaruka.

"Weye njo yule mama alinipiga," Epiphanie akasema. "Nilikuwa mudogo. Nilikuwa na damu, na weye ukanipiga tena. Nilikuota mingi."

"Mimi njo nilikuzaa," Adelaïde akasema. "Nilikupiga ili ule."

Epiphanie alitikisa kichwa. Hakukasirika. Alikuwa na huruma, huruma ile watu wanayokuwa nayo kwa wagonjwa wa akili wanaopita njiani. "Mama yangu iko nyumbani," alisema. Akauweka mzigo chini kwa mikono miwili, taratibu, kama alivyolelewa, akapiga goti kidogo kuaga. Kisha akageuka, akatembea, na alipofika mbali kidogo akaanza kukimbia.

Adelaïde alingoja lori kwenye ukingo wa barabara. Ng'ambo, pareto ilikuwa nyeupe mpaka mwisho wa macho. Hakorimana aliporudi alimkuta amekaa juu ya mzigo wake, akamuuliza arusi imekuwaje, akamjibu kwamba arusi ni kesho na itakuwa nzuri. Akampandisha juu ya mbao. Kabla ya jua kukolea Walikale siku iliyofuata, alikuwa ameshawasha moto wake kando ya barabara, kwa kuwa malori matatu ya Hombo yalikuwa yamekwama kwenye matope tangu jana, na madereva walikuwa na njaa.